Vitabu vya kemia ogania: kipi cha advansi, kipi cha mwaka wa kwanza chuo, kipi cha uzamili?

BikaTupu

Wakuu, habari za kazi.

Natakiwa kuagiza vitabu vya kemia ogania (kemia ya kampaundi za kaboni) kwa maktaba inayohudumia makundi matatu: advansi, yaani Kidato cha Tano na cha Sita (PCB na PCM, michepuo ya fizikia na kemia pamoja na baiolojia au hisabati), mwaka wa kwanza na wa pili chuo (wengi wao famasia na ualimu wa sayansi), na wachache wa uzamili. Fungu ni dogo, siwezi kununua kila kinachosifiwa.

Kilichopo rafuni sasa hivi ni Finar juzuu zote mbili, Morrison na Boyd ya zamani, Vogel ya maabara iliyong'oka jalada, na rundo la vitabu vya mitihani kutoka India. Wa chuo wakija wanaulizia Clayden tu. Wa advansi wanataka "kitabu chenye maswali ya Necta" (Baraza la Mitihani). Wa uzamili hawaulizi kitu.

Naomba mwongozo wa wanaofundisha ogania au wanaoitumia kazini. Kitabu kipi kwa nani, kwa sababu gani, na kipi kinaweza kusubiri? Na hivyo vya zamani nivitoe au nivibakize?

MwalimuWaAdvansi

Mkuu, majina ya vitabu yaache kwanza. Chukua mmenyuko mmoja unaoujua vizuri, utafute katika kila kitabu unachotaka kununua, usome ukurasa huo tu. Unaofaa sana kwa kazi hii ni 2-bromobutani na haidroksidi ya potasiamu (KOH), maana upo katika kila ngazi.

Kitabu cha advansi lazima kiseme wazi kwamba KOH iliyo ndani ya maji inatoa butan-2-oli, na KOH iliyo ndani ya ethanoli ya moto inatoa buteni. Kiseme pia kwamba buteni zinazotoka ni mbili, but-2-eni ikiwa nyingi na but-1-eni ikiwa kidogo, na kwamba but-2-eni yenyewe ina isoma mbili za kijiometri. Kinachoandika "halaidi + KOH → alkeni" bila kutaja kiyeyushi wala joto, kiache dukani. Alama nyingi za advansi zinapotelea hapo hapo.

Kwa Tanzania kitabu kikuu ni cha Taasisi ya Elimu, na vitabu vyao vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao. Linganisha na muhtasari wa darasa husika, kwa sababu mitaala iliboreshwa 2023 na mihtasari ya zamani bado inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Cha ziada, Ramsden wa A-Level bado ana nguvu: sentensi fupi, masharti ya kila mmenyuko yametajwa. Kina kemia yote, kwa hiyo nakala chache zinahudumia hata wanaosoma fizikali.

Bahl na Bahl weka nakala moja ya kurejelea. Watu wanampa mtoto wa Kidato cha Tano kitabu kilichoandikwa kwa shahada ya kwanza kule India, naye anabeba majina ya mimenyuko, Wurtz, Kolbe, Sandmeyer, Cannizzaro, bila kuweza kueleza kwa nini Cannizzaro inataka aldihaidi isiyo na haidrojeni ya alfa (iliyo kwenye kaboni jirani na C=O).

Maswali ya Necta hayana haja ya kununuliwa kama kitabu. Mitihani iliyopita inapatikana. Kinachokosekana ni majibu yenye hoja. Walimu waandae maswali ya mnyororo, mfano huu: kampaundi A ni C4H8O. Inatoa mashapo ya rangi ya chungwa na 2,4-DNP, haifanyi kioo cha fedha na kitendanishi cha Tollens, lakini inatoa mashapo ya njano na iodini ndani ya NaOH. Ukiitendea kwa NaBH4 unapata B, na B ikipashwa moto na asidi ya salfuriki iliyokolea inatoa C kwa wingi. A ni butanoni, B ni butan-2-oli, C ni but-2-eni. Kitabu kinachofaa advansi ni kile ambacho mwanafunzi akikipekua anaipata kila hatua ya swali hilo, pamoja na sababu ya Tollens kukataa. Angalia hasa kama kimeeleza kwamba 2,4-DNP inathibitisha kabonili (kundi la C=O) lakini haitofautishi aldihaidi na ketoni. Vingi vinalipita hilo kimya kimya.

MshaleUliopinda

Kwa upande wa chuo, ambako ndiko pesa nyingi hupotea.

Mwaka wa kwanza anahitaji vitabu viwili vya kazi tofauti: cha kusoma, na cha kuzoeza mkono. Cha kusoma usinunue. McMurry toleo la 10 liko OpenStax (tovuti ya vitabu vya bure) bure na kihalali tangu 2023, sura 31, na kitabu cha majibu ya mazoezi nacho kimewekwa bure. Mwandishi alikiachia kwa kumbukumbu ya mwanawe Peter, aliyefariki 2019. Leseni inaruhusu kunakili kwa matumizi yasiyo ya biashara, kwa hiyo weka PDF kwenye kompyuta za maktaba, watu wachukue kwa flashi. Pesa ya kuchapisha itumie kwa sura ya 2 (asidi na besi), 5 (stereokemia), 6, 8, 11 na 19. Zilizobaki wasomee kwenye skrini.

Fungua sura ya 11 utaikuta 2-bromobutani ile ile: ikiwa na ethoksaidi ya sodiamu ndani ya ethanoli inatoa but-2-eni asilimia 81 na but-1-eni asilimia 19. Kwa wa advansi inatosha kujua ipi ni nyingi. Wa chuo lazima aichore molekuli ikiwa imezungushwa mpaka haidrojeni inayong'olewa na bromini zimepeana migongo, nyuzi 180, kisha aweke mishale mitatu (ya kuonyesha elektroni zinakohamia) kwa hatua moja: kutoka besi kwenda kwenye haidrojeni, kutoka bondi ya C–H kwenda kuunda bondi pacha, kutoka bondi ya C–Br kwenda kwenye bromini. Na aweze kueleza kwa nini ukiweka tert-butoksaidi badala ya ethoksaidi but-1-eni inaongezeka: besi ni nene, haipenyi kirahisi kwenye haidrojeni za katikati, inachukua za pembeni. Kitabu kisichompa mchoro huo ni cha advansi hata kama jaladani kimeandikwa "cha chuo kikuu".

Cha kuzoeza mkono ni cha Klein, *Organic Chemistry as a Second Language*, kile cha muhula wa kwanza. Chembamba, ujuzi mmoja kwa kila sura: kusoma michoro ya mistari, resonansi, kulinganisha asidi, jiometri, mpaka mekanizimu (hatua za ndani za mmenyuko). Wengi wanaofeli ogania walishaanguka kabla hata ya mimenyuko, kwa kutoona haidrojeni ambazo hazijachorwa. Mpe mtu mchoro wa mistari wa 2-methilbut-2-eni, mwambie aandike idadi ya haidrojeni kwenye kila kaboni. Akiweka hata moja kwenye kaboni ya 2, arudi sura ya kwanza ya Klein kabla ya kugusa kingine chochote. Nakala za maktaba zigonge muhuri wa "usiandike humu", maana kina nafasi za kujibia ndani, na kikishajazwa penseli hakimfai mwingine.

Clayden toleo la 2 (2012) ni kurasa zaidi ya 1,200 na sura 43. Kwa kuelewa, kinawashinda wote niliowataja. Tatizo ni mtiririko. Kozi nyingi zinakwenda alkani, alkeni, alkaini, halaidi, alkoholi, na kuendelea. Clayden anaanza mimenyuko na kabonili sura ya 6, kubadilishana kwenye kaboni ya kawaida (yenye bondi moja moja tu) ni sura ya 15, uondoaji (unaoacha bondi pacha) ni 17, alkeni ni 19. Mwanafunzi anayefuata notsi za mhadhiri atakuwa anarukaruka nyuma na mbele, na kila sura inachukulia umeshasoma zilizotangulia. Isitoshe, katika toleo hilo mazoezi ya mwisho wa sura yalihamishiwa mtandaoni. Mwenye kitabu peke yake hana maswali. Mimi nisingekiweka kuwa kitabu kikuu cha mwaka wa kwanza.

Kabonili

Hapo kwa Clayden tutofautiane kidogo, mkuu.

Kuanza na kabonili kuna sababu ya kikemia. Oksijeni inavuta elektroni, kaboni inabaki chanya kidogo, nyukliofaili (yenye jozi ya elektroni za kutoa) inaingia, elektroni za bondi zinapanda kwa oksijeni. Mishale miwili, hakuna ubishi. Ukianza na 2-bromobutani unamkabidhi mwanafunzi njia nne zinazogombana, mbili za kubadilishana (SN1, SN2) na mbili za uondoaji (E1, E2), kabla hajajua mshale unaanzia wapi. Matokeo yake anakariri jedwali. Na wa famasia ndio wasisubiri kabisa: aspirini ni esta, parasetamoli ni amidi, na mada hiyo kwenye McMurry iko sura ya 21.

Nakubali kisiwe kikuu. Lakini nakala tatu nne ziwepo, na wapewe sura za 5, 6, 8 na 10 wasome sambamba na McMurry. Sura ya 8, ya pKa (kipimo cha nguvu ya asidi, namba ndogo ni asidi kali zaidi), isomwe mara mbili. Namba chache zinabeba mzigo mkubwa: asidi ya ethanoiki 4.76, asidi ya kaboni karibu 6.4, fenoli karibu 10, ethanoli karibu 16, alkaini ya mwisho karibu 25. Kwa namba hizo unajua kwa nini baikaboneti ya sodiamu inatoa povu na asidi ya ethanoiki lakini si kwa fenoli, kwa nini fenoli inayeyuka ndani ya NaOH, na kwa nini NaOH hiyo haitoshi kung'oa haidrojeni ya alkaini. Kitabu cha ogania kisicho na jedwali la pKa mahali pa kuonekana upesi, mimi sikinunui kwa ngazi yoyote ya chuo.

Kwa MwalimuWaAdvansi: ile ya "maji inatoa alkoholi, ethanoli inatoa alkeni" ni sawa kwa mtihani, ila kwa halaidi ya daraja la pili (kama hiyo 2-bromobutani) mazao yote mawili hutoka pande zote mbili. Kinachohama ni uwiano. Ndani ya ethanoli kunakuwa na ethoksaidi, besi yenye nguvu zaidi, na joto linausukuma mmenyuko upande wa uondoaji. Mtoto aandike anavyotakiwa, lakini asiambiwe kwamba zao la pili halipo, maana akifika chuo itabidi aanze kufuta.

Jambo jingine la wanaopiga kopi. Kabla ya kulipia fotokopi ya sura ya stereokemia, angalia ukurasa mmoja wenye bondi za kabari (zinazokuja mbele ya karatasi) na bondi za vistari (zinazokwenda nyuma). Mashine ikiwa na wino mwingi, vistari vinaungana vinakuwa kabari. Ukiwa hafifu, alama za hasi na jozi za elektroni zinapotea. Mwanafunzi atasoma R mahali pa S (alama za mipangilio miwili ya molekuli iliyo kama mtu na kioo) na atabishana na mwalimu akiwa na ushahidi mkononi. Afadhali PDF kwenye simu kuliko kopi ya kopi. Na seti mbili za modeli za molekuli za kuazimwa, kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, zitafanya kazi ambayo hakuna kitabu cha stereokemia kitaifanya peke yake.

BikaTupu

Nashukuru sana wakuu. Bado Finar, Vogel na Morrison na Boyd, na wale wa uzamili.

FundiMaabara

Vogel usiitoe, ila tafuta kwanza ukurasa wa mwaka wa kuchapishwa. Toleo la 5 la 1989 ndilo la kubaki mahali pa wazi. Matoleo ya kabla ya hapo yaweke kwa msimamizi wa maabara, kwa sababu taratibu zake zinatumia vitu ambavyo leo hatuwapi wanafunzi.

Benzini ndiyo ya kwanza; inasababisha saratani ya damu. Wengi wanaiondoa na kuweka methilibenzini kiasi kile kile, kisha wanashangaa. Benzini inachemka nyuzi 80, methilibenzini 111. Dutu inayoyeyuka chini ya joto hilo inaweza kutoka ikiwa mafuta badala ya fuwele, na kukausha kunachukua muda mrefu zaidi. Jaribu viyeyushi vingine kwa kiasi kidogo kwenye testitubu kabla ya kutia mzigo wote. Ya pili ni tetrakloridi ya kaboni kwenye kipimo cha bromini: ni sumu ya ini, na imo katika Itifaki ya Montreal (ya kulinda tabaka la ozoni). Maji ya bromini yanatosha kwa kazi ya shule. Ya tatu ni mchanganyiko wa kromiki wa kuoshea vyombo, kromiamu ya daraja la sita, nayo ya saratani. Sabuni, brashi na suuza ya mwisho ya asetoni vinafanya kazi hiyo. Na etha iliyokaa muda mrefu kwenye chupa iliyofunguliwa isikenekwe (isichemshwe na kukusanya mvuke wake) bila kupimwa peroksaidi.

Thamani ya Vogel iko kwenye mbinu na kwenye majedwali ya viwango vya kuyeyukia vya derivativu (dutu zinazotengenezwa kutoka kampaundi ili kuitambua). Hivyo havizeeki.

Mkinunua kitabu kipya cha maabara, kipimeni kwa aspirini. Kikupe vipimo (mfano gramu 2 za asidi ya salisili, mililita 5 za anhidraidi ya ethanoiki, matone 5 ya asidi ya salfuriki iliyokolea), joto la beseni nyuzi 50 hadi 60, dakika 10 hadi 15, namna ya kuongeza maji taratibu kuua anhidraidi iliyobaki, halafu barafu. Kisha kikwambie cha kufanya ikienda kombo: ukiweka kloridi ya feri na rangi ikawa ya zambarau, asidi ya salisili bado imo, safisha tena kwa kufuwelesha, lakini usichemshe muda mrefu ndani ya maji, kwa sababu aspirini yenyewe inavunjika inarudi kuwa salisili. Kitabu kinachoishia kwenye "chuja na ukaushe" kitawaacha wanafunzi na unga wasioweza kuuelezea.

Kabonili

Finar juzuu ya 2 ibaki kwa wanaosoma kampaundi za mimea, alkaloidi na terpeni hasa, maana inaonyesha jinsi miundo ilivyotambuliwa kwa kuivunjavunja molekuli. Spektroskopia yake (utambuzi wa miundo kwa mionzi) ni ya kizamani, isimfundishe mtu NMR, mbinu mojawapo ya hiyo. Juzuu ya 1 weka rafu ya juu. Morrison na Boyd ikiwa ni toleo la 6 (1992) bado ni mwalimu mzuri kwa maelezo. Waambie tu kwamba 2-buteni ya humo ndiyo but-2-eni ya mtihani.

Uzamili: nunua Carey na Sundberg, sehemu A na B, toleo la 5 la 2007. A ni ya miundo na mekanizimu, B ni ya mimenyuko na usanisi, na ukiwa na pesa ya moja tu anza na A. Pale 2-bromobutani inaulizwa tofauti kabisa: ukibadilisha haidrojeni inayong'olewa kwa diteriamu (haidrojeni nzito) na kasi ikashuka mara kadhaa, mpaka karibu saba, umejuaje kwamba bondi ya C–H inakatika katika hatua inayoamua kasi? Anayeshindwa hapo apewe Sykes kwanza, toleo la 6 la 1986. Kina kurasa 400 hivi, na ni daraja zuri kutoka shahada ya kwanza.

March ni cha kurejelea, hakisomwi mwanzo mpaka mwisho. Unatafuta aina ya mmenyuko, unachukua namba yake, unafuata makala asilia zilizotajwa. Kwa kupanga usanisi, Warren na Wyatt (2008) pamoja na kitabu chake cha mazoezi. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi.

MshaleUliopinda

Kwa mpangilio wa pesa: Klein nakala nyingi kadiri unavyoweza, Ramsden, modeli za molekuli, Clayden tatu au nne, halafu Carey na Sundberg A. March na Warren vinaweza kusubiri mwaka ujao. McMurry ni bure, usiingize kwenye hesabu.

BikaTupu

Ya mwisho: kuna mtu anauza Clayden toleo la 1 (2001) kwa bei ya kutupa, nakala kadhaa. Nichukue?

Kabonili

Chukua. Kemia ya msingi ni ile ile, na toleo la 1 lina mazoezi mwisho wa sura, yale ambayo toleo la 2 limeyapeleka mtandaoni. Ila namba za sura hazilingani. Kubadilishana kwenye kabonili ni sura ya 12 katika la kwanza na ya 10 katika la pili. Sura ya 17 ndiyo ya hatari: katika la kwanza ni kubadilishana kwenye kaboni ya kawaida, katika la pili ni uondoaji. Mhadhiri akisema "someni sura ya 17", nusu ya darasa watakuja na SN2 na nusu na E2. Bandika karatasi ndani ya jalada yenye namba za matoleo yote mawili, na watoa kazi wataje mada, wasitaje namba.